Gari la Kampeni Ndani ya Maji

Søren Sveistrup alipotunga msimu wa kwanza wa Forbrydelsen, tamthilia ya Denmark iliyoanza kurushwa na kituo cha DR Januari 2007, alikipa kifo kimoja vipindi 20, na kila kipindi kikabeba siku moja ya upelelezi. Wengi humsifu Sofie Gråbøl aliyeigiza mpelelezi Sarah Lund, na hata sweta lake la Visiwa vya Faroe likapata mashabiki. Sifa zote hizo ni haki yake. Ila ufundi unaonivutia zaidi ni wa mtunzi: namna alivyoiingiza siasa ndani ya mauaji hata huwezi kuichomoa.

Kiungo chake ni gari. Mwili wa Nanna Birk Larsen, msichana wa miaka 19, unakutwa ndani ya buti ya gari lililozamishwa majini, na gari lenyewe ni la kampeni ya Troels Hartmann, mgombea umeya wa Copenhagen. Basi Hartmann hahitaji kutafutiwa sababu ya kuwemo. Swali lolote la Lund kuhusu gari lile linagusa uchaguzi, na jibu lolote la mgombea linaweza kumfaa mpinzani wake, Meya Poul Bremer.

Kuna nyuzi tatu: kituo cha polisi, ofisi za jiji, na nyumba ya wafiwa. Tazama zinavyosukana kwa Rama, mwalimu wa Nanna. Polisi wanamshuku, na kumbe yumo katika mradi wa Hartmann wa kuwasaidia vijana wa familia za wahamiaji. Hartmann akimtetea, anapoteza kura. Akimtosa, anakana siasa zake mwenyewe. Huku nyuma tetesi zinamfikia Theis, baba wa marehemu, naye anamchukua mwalimu yule na kumpiga vibaya. Kosa la uzi mmoja limelipwa na mwili wa mtu kwenye uzi mwingine. Hapo ndipo tamthilia nyingi za uhalifu hushindwa: siasa hubaki mandhari, na wafiwa huonekana mara moja wakilia, kisha wanasahauliwa.

Sveistrup hakuwasahau. Mwishoni mwa kipindi cha kwanza Theis anafika mahali mwili ulipopatikana akiwa bado anazungumza na mkewe Pernille kwa simu. Hakuna askari anayemtamkia mama yule habari. Anaisikia kwenye sauti ya mumewe. Kwa kuwa hadithi inakwenda siku kwa siku, msiba nao unapata muda wake: mazishi, watoto wadogo wa nyumba ile, bili zinazoendelea kuja.

Na ufisadi? Mtazamaji aliyezoea bahasha za fedha atazisubiri sana. Hapa uoza ni watu wanaolinda cheo. Hartmann anakataa kueleza alikokuwa wikendi ya mauaji kwa sababu ya jambo lake binafsi lisilohusiana kabisa na kifo cha Nanna. Walio karibu naye wanaficha, wanavujisha, wanapima kila neno kwa kura. Kila kinachofichwa kinamla Lund siku nzima, na siku hana: alipaswa kuwa amekwishahamia Sweden na mchumba wake. Nampenda mhusika huyu kwa sababu hapewi hotuba dhidi ya wakubwa. Anarudi tu kwenye swali lilelile mpaka mtu achoke kudanganya.

Marekani ilipoitengeneza upya kupitia kituo cha AMC mwaka 2011, ikihamishia kisa Seattle, msimu wa kwanza wa vipindi 13 uliisha bila muuaji kujulikana, na watazamaji wengi walikasirika. Nawaelewa. Wadenmark nao waliwakatia watazamaji wao hadithi katikati, vipindi 10 mwanzoni mwa mwaka na 10 vya pili baadaye mwaka huohuo, lakini msimu ulipofungwa, deni lilikuwa limelipwa.

Waigizaji wenyewe hawakuambiwa mapema muuaji ni nani. Miswada iliwafikia kadiri kazi ilivyosonga. Kwa hiyo hakuna aliyeweza kuigiza hatia, wala aliyeweza kuigiza usafi. Kila mmoja alibaki kuigiza mtu mwenye kitu cha kulinda, na uso wa namna hiyo ndio Lund anaoukuta kila mlango anaobisha.