Rejeta haichaguliwi kwa futikamba

Land Rover 109 iliyokwama kwenye mlima wa Newala, boneti juu, mvuke unafuka, haikuuawa na mlima. Iliuawa kabla, karakana ya Mtwara mjini, siku mwenye gari na fundi wake walipong'oa rejeta ya shaba na kufunga ya alumini yenye matangi ya plastiki kwa sababu moja tu: imeenea kwenye fremu. Urefu sawa, upana sawa, bei nafuu, basi. Ule ulikuwa uamuzi mbovu.

Urefu na upana ni nusu ya hesabu. Nusu iliyobaki ni unene wa kiini, ukubwa na safu za mirija, na ukaribu wa mapezi. Ukiitazama rejeta hii kwa ubavu unaona mara moja kwamba ilitoka kwenye gari dogo la saluni. Sina ugomvi na alumini. Iliyotengenezwa kwa ajili ya 109, yenye mirija mipana na matangi ya kuchomelea, inapooza vizuri sana. Lakini hii ilikusudiwa gari jepesi linalokwenda kasi kwenye lami na kupigwa na upepo njia nzima. Land Rover hii, Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, ikipanda uwanda wa Makonde kwa gia ya pili na magunia ya korosho nyuma, haipati upepo wowote wa maana. Inategemea feni.

Na feni wakaipokonya nguvu. Matundu ya boliti ya rejeta mpya hayakulingana na kava la feni, kwa hiyo kava likaachwa chini ya meza ya fundi. Feni isiyo na kava huvuta hewa ya pembeni, ileile ya moto iliyokwisha kupita kwenye injini, na kuizungusha palepale. Pembe za kiini hazipitiwi na kitu. Nimelipigia kelele kava hili miaka mingi, kama ninavyowapigia kelele wanaong'oa thamostati wakidhani wanaisaidia injini. Safari hii thamostati angalau ilibaki.

Kisha kizibo. Kilikuja na rejeta, juu yake kimeandikwa 1.1. Hiyo ni baa, yaani kama paundi 16 kwa kila inchi ya mraba, kwenye mfumo uliopangiwa paundi 9 hivi. Hozi kuukuu zikabebeshwa karibu mara mbili ya mzigo wake. Ya juu ikapasuka, maji yakamwagika, na dereva akaendelea kupanda akitafuta mahali pa kuegesha. Hedi sasa inasubiri kunyooshwa. Yote haya yalizaliwa na futikamba ile: kama wangetafuta rejeta ya gari lao, kava lingefungwa na kizibo kingekuwa chake.

Breki, springi na kabureta vilifanyiwa kazi safi kabisa.

Wanaotetea uamuzi huu wanasema pesa ilikuwa ndogo. Uchache wa pesa si kisingizio: mwaka 1965 Joginder Singh alishinda Safari Rally kwa Volvo PV544 ambalo wengine walikwisha kulitumia mashindanoni. Gari la mtumba, mikononi mwa mtu aliyekuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Na madereva wetu wa kusini, waliokuwa wakivuka Rufiji kwa pantoni kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, hawakuwa matajiri. Walitunza shaba yao kwa sababu shaba inazibika. Ikitoboka Nanyamba au Tandahimba, fundi mwenye moto na lehemu anakuondoa siku hiyohiyo. Tangi la plastiki lililobanwa kwa meno ya alumini juu ya ukanda wa mpira, likipasuka huko, unatafuta gari la kukuvuta. Tena ukijaza maji ya kisima cha pwani, ya Msimbati kwa mfano, yakiwa na chumvi, alumini nyembamba inaliwa vitundu vitundu. Shaba nayo huliwa, ila inakupa nafasi ya kuitengeneza.

Njia ya bei nafuu ilikuwa mbele yao: kubadili kiini. Matangi ya juu na chini yanabaki yaleyale, kiini kipya cha unene uleule kinalehemewa kati yake, kava linarudi kwenye matundu yake, kizibo cha zamani kinafungwa kama mpira wake ni mzima. Hata kama ingezidi bei ya ile ya plastiki, isingefikia gharama ya hedi, gasketi, hozi na kuvutwa hadi mjini.

Bado inawezekana. Rejeta ya zamani imeegemezwa ukutani nyuma ya karakana, kiini kimeoza lakini matangi yote mawili ni mazima. Mwenye gari aifuate leo, kwa sababu wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita pale na shaba wanaipima kwa kilo.