Orodha za "kadi bora kwa bei nafuu" hazijui Kilosa

Kuna makala ambazo wengi wetu tumezisoma kuliko hata vitini vya darasani: "Kadi tano bora za grafiki kwa mwenye bajeti ndogo." Zina picha kali, jedwali la gemu kumi, na mshindi anayetangazwa mwishoni. Leo nataka kuzikosoa, maana zimeshamtia hasara mtu wangu wa karibu.

Mdogo wangu yuko Kilosa mjini, anahariri video za harusi na sendofu. Mashine yake ni Dell OptiPlex 9020, ile nyembamba, ya mtumba. Alijibana miezi kadhaa, akasoma orodha, akaagiza Radeon RX 6500 XT kutoka Dar. Ni kadi iliyotoka Januari 2022 kwa dola 199, na orodha aliyoisoma iliisifu kwa kuwa ya kisasa na ya bei ya chini. Mzigo ulipofika, kadi haikuingia hata kwenye kasha. Alipoazima kasha kubwa kwa fundi, akakuta inataka waya wake wa umeme, na pawa saplai yake haina. Na hata ingewaka, isingemsaidia kurenda harusi. Hilo nitalieleza.

Kwanza tuwatendee haki waandishi wa majaribio haya. Mtu anayepima kadi huichomeka kwenye mashine yenye prosesa kali kuliko zote, memori tele na pawa saplai nene. Kisayansi yuko sahihi: anataka tofauti yoyote inayoonekana itokane na kadi, isitokane na kitu kingine. Ni kama kupima mbegu mbili za mahindi kwenye shamba moja, kwa maji yaleyale. Tatizo linaanzia kwenye hitimisho. Jaribio limejibu swali "kadi ipi ina nguvu?", lakini kichwa cha makala kinadai kimejibu "wewe ununue ipi?" Hayo ni maswali mawili. Mwenye bajeti ndogo hanunui kadi peke yake, ananunua kiungo kati ya kadi mpya na mashine ya zamani. Na kiungo hicho hakuna aliyekipima.

Watu wa Kilosa na Mikumi wanakijua kiungo cha namna hiyo. Kuna tawi la reli ya zamani linalotoka Kilosa, linapita Mikumi na kufika Kidatu, ambako linakutana na TAZARA. Reli ya upande wa Kilosa ina upana wa milimita 1,000, ya TAZARA milimita 1,067. Tofauti ni milimita 67 tu, lakini behewa haliwezi kupitiliza, kwa hiyo mzigo lazima uhamishwe. Unaweza kuleta injini kali kuliko zote kila upande, mzigo bado utasubiri Kidatu.

Sasa irudishe picha hiyo kwenye kompyuta. Kadi ina memori yake, na ina njia ya kuongea na madabodi, iitwayo PCIe. Kadi nyingi kubwa hutumia njia 16. RX 6500 XT imepewa 4 tu. Kwenye madabodi mpya, yenye PCIe ya toleo la 4, njia hizo nne hupitisha karibu gigabaiti 8 kwa sekunde. Kwenye OptiPlex ya mdogo wangu, yenye toleo la 3, zinabaki karibu 4. Memori ya kadi yenyewe hupitisha 144. Maana yake ni kwamba gigabaiti zake 4 za memori zikijaa, kazi inaanza kuvuka kwenye kiungo chembamba mara 36, na skrini inaanza kukwama. Hiyo ndiyo Kidatu yake. Wachambuzi makini waliijaribu kwa toleo la 3 na wakalisema hili wazi. Orodha fupi zililiacha.

Kosa la pili la orodha ni kudhani kila mtu anacheza gemu. Kurenda video kunasaidiwa sana na sehemu maalumu ndani ya kadi inayobana picha kuwa faili. RX 6500 XT haina sehemu hiyo. GeForce GT 1030, kadi ndogo ya wati 30 ambayo ingeingia vizuri kwenye lile kasha jembamba, nayo haina. Cha kushangaza, prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne iliyomo kwenye ile OptiPlex inayo tayari, kwa video za H.264. Dogo alikuwa anatafuta kwa laki kadhaa kitu alichokwisha nacho mezani! GT 1030 ingemsaidia kufungua video za H.265 za simu mpya, ambazo prosesa yake inazihangaikia, lakini si kuzibana.

Tatu ni majina, na hapa lawama naipeleka kwa watengenezaji. GT 1030 zipo mbili kwa jina lilelile: ya memori ya GDDR5 hupitisha gigabaiti 48 kwa sekunde, ya DDR4 hupitisha 16.8. Gawanya kwa picha 60 za kila sekunde: ya kwanza ina megabaiti 800 za kuchezea kwa kila picha, ya pili ina 280. Ni kama kununua gunia la mpunga ukakuta limejaa theluthi moja, na lebo ni ileile. GTX 1060 ya gigabaiti 3 haikupunguzwa memori tu, hata viini vyake ni 1,152 badala ya 1,280. Ipo pia RX 580 yenye viini 2,048 wakati ya kawaida ina 2,304. Orodha inaandika "RX 580", muuzaji anasema "ndiyo hiyohiyo", na wewe umeshapigwa.

Halafu kuna LUKU, ambayo sijaiona kwenye jedwali lolote. RX 580 hula hadi wati 185, GTX 1650 wati 75. Tofauti ni 110. Ukirenda saa tano kila siku, hizo ni uniti 16.5 kwa mwezi. Kwa shilingi 356 kwa uniti, ni karibu shilingi 5,900, au 70,000 kwa mwaka. Kadi "rahisi" inaendelea kukudai. Na joto lote hilo linabaki chumbani, Kilosa ambako joto halijawahi kupungua bei.

Je, orodha nzuri ingekuwaje? Ingeanza na mashine yako, halafu kadi. Kasha ni refu au jembamba? Pawa saplai ina wati ngapi, na ina waya wa kadi? Kama haina, mpaka wako ni wati 75, ambazo ndizo tundu la PCIe linaweza kutoa. Kazi yako ni gemu, video, au kujifunza kwa mashine? Programu nyingi za hiyo ya mwisho zinategemea CUDA ya Nvidia, na hapo ukubwa wa memori unatangulia kasi. Ukijibu hayo, mara nyingi unabaki na kadi mbili tatu tu. Kwa OptiPlex ile ni GTX 1650 au 1050 Ti za umbo fupi zisizotaka waya. Na wakati mwingine jibu sahihi ni kutokununua kadi kabisa, sentensi ambayo orodha hizi haziwezi kuiandika.

Mdogo wangu aliiuza kadi kwa hasara. Kilichobaki akanunua memori na SSD, akawasha ile sehemu ya kubana video kwenye prosesa yake. Harusi za Jumamosi sasa anazikabidhi Jumatatu. Ile kadi mpya aliyoiota bado hana, na kwa kazi yake haijamkosesha mteja.