Ngeli Si Orodha ya Vilivyopo

Katika kitabu chake cha mwaka 1956, Alexis Kagame wa Rwanda aligawa vyote vilivyopo katika mafungu manne: umuntu, ikintu, ahantu na ukuntu. Tunampongeza kwa kuitafuta falsafa ndani ya lugha zetu. Hata hivyo, aliegemea mno ngeli. Katika Kiswahili twasema "kiziwi amefika", "kifaru amelala". Kiambishi ki- hakiwafanyi kuwa vitu. Vilevile, kuwapo kwa neno "uzuri" hakuthibitishi kwamba uko uzuri mmoja nje ya vitu vizuri. William wa Ockham, katika karne ya 14, alishikilia kuwa ujumla umo katika maneno na fikra tu. Basi tunapofundisha ngeli, tusiwaambie wanafunzi kwamba sarufi imekwisha kulijibu swali hilo.