Nyumba ya Zakaria: Kuisoma Tena "Rosa Mistika"

Ni rahisi kuisoma riwaya ya Euphrase Kezilahabi, Rosa Mistika, iliyotolewa mwaka 1971, kama onyo kwa wasichana: binti ametoka kijijini, amekwenda masomoni, ameharibika, amejiua. Hata wale walioipiga marufuku mashuleni kwa muda waliuona uchi wa maneno yake kuliko jeraha linaloelezwa. Twaona kwamba usomaji huo haumtendei haki mwandishi, wala hausaidii kanisa.

Tutazame nyumba aliyokulia Rosa huko Ukerewe. Si nyumba iliyovunjika. Baba yupo, mama yupo, na watoto wana majina ya Kikristo. Lakini Zakaria, aliyekuwa mwalimu, ni mlevi, na Regina mkewe ni mvumilivu asiye na sauti. Rosa anapoandikiwa barua na kijana Charles, baba anampiga vibaya. Tangu hapo binti anajifunza kuwaogopa wanaume; hajifunzi kuwafahamu. Anapofika mbali na fimbo ya baba, hana kitu ndani yake cha kumwongoza.

Hapa ndipo mabadiliko ya familia yanapoonekana. Katika jamii zetu nyingi, mambo ya kuvunja ungo na uchumba hayakuwa kazi ya baba. Yalikuwa ya bibi na shangazi, watu ambao binti aliweza kuwauliza bila kuona haya. Ukoo ulipopungua ukawa nyumba moja, kazi ile ilibaki bila mwenyewe. Shule haikuichukua, na mimbarini ilitajwa kama dhambi tu. Zakaria aliiokota, naye hakuwa na chombo kingine ila fimbo.

Riwaya ina upungufu wake. Kugeuka kwa Rosa kutoka woga hadi uasherati kunakwenda mbio mno, na Regina amechorwa kwa mistari michache kuliko alivyostahili. Walakini mwandishi hakukosea alipolipeleka shauri la baba na binti mbele ya Mungu. Swali lake ni la kitheolojia: nani atajibu kwa ajili ya mtoto?

Luther aliiandika Katekismo Ndogo mwaka 1529 ili mwenye nyumba aifundishe jamaa yake. Katika Katekismo Kubwa, akiieleza Amri ya Nne, hakuishia kwenye utii wa watoto. Aliwakumbusha wazazi kwamba watadaiwa hesabu ya malezi yao. Paulo naye, katika Waefeso 6:4, anawakataza akina baba kuwachokoza watoto. Sisi twaihubiri nusu ya kwanza mara nyingi, na ya pili kwa nadra.

Leo watoto wengi wanalelewa na mama peke yake, au na bibi. Mama asiye na ndoa anapoleta mtoto abatizwe, twauliza habari za ndoa, na pengine twamweka chini ya nidhamu ya kanisa. Zakaria angemleta wake bila kuulizwa neno, maana cheti anacho. Hatusemi ndoa ni kitu kidogo. Twasema kwamba cheti hakilei mtoto. Mtoto hukua vema pale alipo mtu mzima mmoja, walau mmoja, anayeweza kumwendea na barua yake mkononi bila kutetemeka. Je, katika sharika zetu mtu huyo ni nani?