Mursik Hupimwa Kuanzia Kibuyuni

Kakamega hatuna jibini ya jadi, lakini jirani zetu Wanandi wana mursik, maziwa ya mgando ambayo wanariadha hupokewa nayo wakirudi na medali. Safari ni ya siku moja: matatu hadi Chavakali, kisha nyingine ya Kapsabet kupitia Kaimosi. Barabara hupanda kutoka takriban mita 1,500 hadi karibu 2,000, na ubaridi wa huko huyagandisha maziwa polepole.

Ukikaribishwa, usikimbilie kikombe. Mwombe mama mwenye nyumba akuonyeshe kwanza kibuyu kitupu, sotet. Kizuri ni kikavu, hakina ufa, na ukikinusa kinanukia moshi safi. Ukisikia uvundo au harufu ya mafuta yaliyochacha, hata maziwa ya leo asubuhi yataharibikia humo.

Kisha tazama kinavyotiwa mkaa. Kijiti cha senetwet, mti wa maua ya manjano, huchomwa hadi kiwe kaa, kikaingizwa kibuyuni na kusagwa ukutani kwa sosiot, ufito wa jamii ya mtende uliopondwa ncha ukawa brashi. Fundi husugua hadi unga wa mkaa ushike pande zote, kisha hukung'uta uliozidi. Hapo ndipo maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, yakaachwa siku kadhaa au hata wiki. Uliza kama yalichemshwa kweli, maana maziwa mabichi yanaweza kuleta ugonjwa wa brusela.

Sasa mimina, baada ya kutikisa. Rangi iwe ya kijivu chenye kibuluu. Ikiwa nyeupe pe, hiyo ni mala tu, mgando usio na mkaa. Ikiwa nyeusi na chenga zinakwaruza meno, mkaa haukusagwa. Iteremke nzito, laini, bila kukatika. Mabonge yanayoelea kwenye maji hata baada ya kutikiswa yaonyesha imepitiliza.

Mdomoni, uchachu utangulie, moshi ufuate, uchungu mdogo ubaki nyuma ya ulimi. Moshi ukitangulia, jihadhari: huenda unaficha maziwa mabovu.

Ukinunua ya kurudi nayo, uliza kibuyu kilijazwa lini, na umiminiwe mbele yako. Ya dukani iliyokaa kwenye jerikeni waachie wenye haraka. Plastiki iliyotumika sana hushika harufu, na mursik huifyonza.