Sifa za Mtishaji

Mtu anayejua kutisha kwa maneno ana kipaji, na sisi wa Kitale na Bungoma tumekionja kipaji hicho tangu utotoni bila kukisifu. Tunawasifu wachekeshaji, malenga, wahubiri na wale wazee wanaosimama matangani kuwaliwaza wafiwa. Yule anayeweza kukaa na mtu mzima mchana kweupe, akamsisimua mwili kwa maneno matupu, tunamwona mchokozi tu. Mimi namheshimu, na nitasema kwa nini.

Kwanza nimtoe njiani anayetishia nyau. Huyo hupaza sauti, hutoa macho, hurundika maneno mazito. Shuleni tulifundishwa hivyohivyo, katika insha za Kiingereza na za Kiswahili pia: mwanafunzi alikariri kwamba nywele zilimsimama, moyo ukamdunda, jasho jembamba likamtiririka, na mwalimu akampa alama. Msomaji hakuogopa hata chembe. Hofu yote ilikwisha kuchukuliwa na mhusika, msomaji hakuachiwa yake.

Kukhu zetu, yaani bibi zetu wa Kibukusu, walilijua hilo bila kufundishwa na mtu. Linani, zimwi la hadithi zao, halikuanza na makucha. Mara nyingi lilianza kama kijana mtanashati aliyekuja kuposa, mpole, mwenye adabu, na binti wa watu hakumwona kasoro ila jambo moja dogo: mara ni namna anavyokula, mara ni jino, mara ni mdomo wa pili uliofichwa kisogoni. Kisha ukaja wimbo. Kukhu aliimba, watoto wakaitikia. Mara ya kwanza linani li mbali ng'ambo ya mto, mara ya pili limevuka, mara ya tatu li uani, na wimbo ni uleule, hakuna neno lililobadilika. Kilichobadilika ni sauti na mwendo. Tena aliyeitikia ni mtoto mwenyewe. Yeye ndiye aliyeimba hatua za linani likimjia. Sijasoma kitabu cha ufundi wa uandishi kilichonieleza jambo hili vizuri kuliko lilivyotendwa jikoni kwetu.

Simulizi kuu ya kutisha upande wa Bungoma ni ya Mango na nyoka wa Mwiala. Nyoka huyo, yabebe, alikaa pangoni na kuangamiza watu, na majirani wa Mango walimcheka kwamba hathubutu kumkabili. Mango akaingia pangoni nyoka akiwa ametoka, akajibanza na upanga wake karibu na gogo. Nyoka akarudi, akalaza kichwa, Mango akakikata. Wasimulizi huongeza na kupunguza hapa na pale, ila kuna kipande ambacho msimulizi mzuri hakiachi: kichwa kilichokatwa kiliruka nje, kikauma mti, na majani yakanyauka. Angeweza kutuhesabia maiti. Alichotuonyesha ni mti. Ukiisha kuyaona majani yale yakisinyaa, huhitaji kuelezwa sumu ingemfanya nini binadamu.

Nimetaja pango makusudi. Kwenye mteremko wa mashariki wa Mlima Elgon, ndani ya mbuga ya taifa, si safari ndefu kutoka Kitale, kuna pango jingine, na hilo limetisha dunia nzima kwa Kiingereza. Ni Kitum. Pango hili huingia mlimani yapata mita 200. Ndovu huingia humo gizani usiku, wakipapasa njia kwa mkonga, wakichokonoa ukuta kwa pembe ili wapate mawe yenye chumvi wayatafune. Darini hulala popo kwa makundi. Mapema Januari 1980 Mfaransa mmoja aliyekuwa akifanya kazi kwenye kiwanda cha sukari cha Nzoia, huku kwetu Bungoma, aliugua, akasafirishwa hadi Nairobi na kufa huko. Siku chache kabla ya kuugua alikuwa amelitembelea pango la Kitum. Daktari Shem Musoke, aliyemhudumia katika Nairobi Hospital, akaambukizwa. Ilikuwa Marburg, ugonjwa uliopewa jina la mji wa Ujerumani ambako mwaka 1967 wafanyakazi wa maabara waliupata kutoka kwa tumbili walioletwa kutoka Uganda. Mwaka 1987 kijana kutoka Denmark aliyeingia Kitum naye akafa kwa virusi vya ukoo huohuo.

Kwa habari hizo mwandishi Mmarekani Richard Preston aliandika kitabu kilichotoka mwaka 1994, The Hot Zone. Stephen King mwenyewe, ambaye kutisha ndiko kunakompa riziki, aliisifu sura ya kwanza ya kitabu hicho kuwa miongoni mwa mambo ya kuogofya kabisa aliyopata kusoma. Nimeisoma sura hiyo mara nyingi nikitafuta inavyofanya kazi. Preston haanzi na damu. Anaanza na bwana mmoja mpweke anayependa wanyama, na safari ya mwaka mpya mlimani, na usiku wa kambi. Anapita nasi pangoni polepole, anagusa huku na kule, hasemi ni wapi virusi vilipoingia. Halafu anatulia. Siku zinahesabika, kazi inaendelea kiwandani, na siku ya saba kichwa kinauma. Kichwa tu! Nani hajaumwa kichwa? Baadaye anampandisha mgonjwa kwenye ndege ndogo pamoja na abiria wengine, viti vimebanana, mgonjwa ameshika mfuko wa karatasi, mfuko unazidi kujaa, na kila msomaji anavuta pumzi akijua kwamba hewa ile ni moja kwa wote. Kukhu angeutambua ufundi huo. Linani limekuja limevaa nguo za msafiri, na wimbo unarudiwa.

Sisi wenyeji tuna sababu nyingine ya kutetemeka tukisoma: tunaijua barabara. Moshi wa Nzoia na harufu ya molasi ni vyetu, mlima tunauona kila asubuhi mawingu yakiinuka. Hofu iliyoandikwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watu wa mbali imepandwa katika udongo wetu, na hakuna mahali inapouma kama hapa.

Lakini namlaumu Preston, na lawama yangu ni ya fundi kwa fundi. Alifika mahali akavuka kipimo. Katika kurasa zake miili huyeyuka na kumwagika damu kiasi ambacho madaktari waliowatibu wagonjwa wa Marburg na Ebola hawakukiona mara nyingi. Wengi huuawa na upungufu wa maji, mshtuko wa mwili na viungo kushindwa kazi. Si kifo chepesi, wala hakikuhitaji kutiwa chumvi. Zaidi ya hayo, hofu yake haina mlango wa kutokea. Shem Musoke alipona. Virusi vilivyotoka katika damu yake vimebeba jina lake maabara kwa maabara, naye akaendelea na udaktari. Kitabu kinasema alipona, lakini kinalisema jambo hilo kwa haraka na kurudi mbio kwenye giza. Mwaka 2024 Rwanda ilipovamiwa na Marburg, watu 66 waliugua na 15 wakafa. Wengine wote walitoka hospitalini kwa miguu yao kwa sababu waligunduliwa mapema na kutunzwa. Aliyejifunza Marburg kwa Preston peke yake hawezi kuamini hesabu hiyo.

Mlango huo wa kutokea ndio Wabukusu wanaoujua kuliko mtu yeyote niliyemsoma. Kila miaka miwili, katika miaka ya shufwa, Agosti ikifika, omusinde, kijana ambaye bado hajatahiriwa, huenda kwa khocha wake, ndugu wa mama. Kinachinjwa kitoweo, kijana anavishwa nyama shingoni, na khocha anaanza kumsema. Hampigii kelele ovyo. Anamtajia wanaume wa upande wa mama, mmoja mmoja, waliosimama bila kupepesa jicho. Anamwambia njia ya kurudi ingali wazi, kama anaogopa aseme sasa. Anamweleza kisu. Anaweza kumzaba kofi. Usiku kucha nyimbo na njuga haziruhusu usingizi, na za wanaomsuta woga zimo. Halafu alfajiri, akirudi kutoka mtoni amepakwa matope ya baridi mwili mzima, jamaa haohao waliomtisha wanamzunguka, wanamwimbia, wanasimama naye mpaka mwisho. Mango naye yumo katika masimulizi hayo, maana inasemwa kwamba baada ya kumuua nyoka ndipo alipotahiriwa, naye ndiye aliyeirudisha desturi kwa watu wake. Kijana anatishwa kwa simulizi ya mtu aliyetoka pangoni akiwa hai.

Yako pia makundi ambayo msimu huo hukimbiza wanaume barabarani na kuwakamata ili wawatahiri kwa nguvu. Hayo siyasifu. Ni uhalifu, na khocha wa kweli huyaonea aibu.

Kwa hiyo natamani kitabu ambacho bado sijakiona: Kitum kwa Kiswahili. Mali ya kuandikia ipo tele. Mwaka 1988 watafiti wa jeshi la Marekani pamoja na Wakenya waliingia pangoni wamevaa mavazi ya kinga, wakaweka wanyama ndani ya vizimba wawe chambo, wakakusanya wadudu kwa maelfu, wakatoka mikono mitupu. Hiyo ni sura nzima ya kutisha, kwa sababu hawakupata kitu. Jibu lilikuwa likining'inia juu ya vichwa vyao: katika sampuli zilizochukuliwa mwaka 2007, virusi vya Marburg vilipatikana kwa popo mla matunda wa pango hilohilo. Mwandishi wa kitabu hicho angekuwa mtu aliyelelewa kwa hadithi za linani, anayejua namna ya kuurudia wimbo. Angeanza na ndovu anayepapasa ukuta, asitaje ugonjwa kwa kurasa kadhaa, amfuate yule mgeni wa Nzoia bila kuharakisha. Na angempa Daktari Musoke sura yake mwenyewe, ndefu, ya siku za homa, wenzake waliokataa kumwacha, na asubuhi aliporudi kazini kuwatibu wengine.