Homa ya Bonde la Ufa: mti wa ukoo na matawi ambayo hatujayaona

Ukianza kusoma kuhusu jeni za kirusi cha Homa ya Bonde la Ufa, haitachukua muda utakutana na makala ya mwaka 2007 ya Brian Bird na wenzake katika Journal of Virology. Walisoma jenomu nzima za virusi 33 vilivyokusanywa Afrika na Saudi Arabia kati ya 1944 na 2000. Kazi nzuri, tuseme ukweli. Kinachonikera ni namna tunavyoisoma, hasa ukiwa umekaa Sumbawanga.

Walichokuta ni hiki: virusi vyote hivyo vinatofautiana kwa asilimia 5 hivi tu. Jenomu ina herufi kama 12,000, na kwa kasi waliyoikadiria, herufi tatu au nne hubadilika kila mwaka. Ukirudi nyuma kwa hesabu hiyo, babu wa wote anaangukia mwishoni mwa miaka ya 1800. Kirusi cha Saudi Arabia cha mwaka 2000 nacho ni ndugu wa karibu wa kile cha Afrika Mashariki cha 1998, yaani inaonekana kilivuka bahari. Basi msomaji anafunga makala akiamini kirusi ni kilekile, kinasafiri tu.

Lakini kuna sehemu wengi wanairuka. Mauritania 1987 na Misri 1977–78, virusi vya mlipuko mmoja vilikaribia kufanana kabisa. Zimbabwe miaka ya 1970, ambako ugonjwa ulikuwa umejikalia kimyakimya, tofauti zilikuwa kubwa. Umeona hapo? Mlipuko ni tawi moja lililonawiri ghafla. Utofauti wenyewe unakaa pasipo na kelele, na sampuli zetu hutoka kwenye kelele! Mwaka 2007 watu zaidi ya 100 walikufa Tanzania, Dodoma ikiumia zaidi, na macho yote yakaenda huko, kwa haki kabisa.

Sasa njoo Ufipa. Uwanda wa nyasi, mabonde yanayotuama maji masika. Mbu wa Aedes hutaga kwenye udongo wa namna hiyo. Mayai hukaa makavu hadi mafuriko yaje, na yanaweza kuwa na kirusi ndani. Mbuzi watatu wakitupa mimba juma moja, mfugaji atasema brusela, au majani mabaya, atazika, yameisha. Nani abebe sampuli hadi Morogoro, karibu kilomita elfu moja?

Kwa hiyo yule babu wa miaka ya 1800 ni babu wa hao 33. Bird na wenzake wanamhusisha na ukoloni na mifugo ya kigeni. Hadithi tamu, ila tawi moja la zamani likiokotwa bondeni, tarehe inarudi nyuma.

Chanjo haiguswi na ubishi huu, maana kinga dhidi ya kirusi kimoja hufanya kazi kwa ndugu zake pia. Kinachoguswa ni mnada. Kama kirusi kinaletwa na ng'ombe wa mbali, kufunga mnada kuna maana. Kama kimeanguliwa bondeni palepale, umemnyima mfugaji ada ya shule ya mwanawe na mbu wanaendelea kuuma.

Wewe unayetafuta mada ya uzamili: mitego ya mbu, Laela, mvua za kwanza. Mwaka ambao hakuna mlipuko, tafadhali.